Ukiburuta faili kwenye folda ya wingu: limenakiliwa au limehama?

Ndugu msikilizaji, kabla hatujaenda mbali nikuulize swali moja. Ile picha ya hati yako ya kimila ya shamba, uliyoipiga kwa simu ili usiipoteze, iko sehemu ngapi? Kama jibu lako ni kwamba iko kwenye simu na iko kwenye wingu, je, ni picha mbili kweli, au ni picha moja unayoiona kupitia milango miwili?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa na uhakika wa mbili, kumbe nilikuwa na moja.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Ngarambe kurekodi kipindi cha historia. Wengi wenu mnajua kuwa Ngarambe ndiko alikokuwa Kinjikitile Ngwale, na ndiko watu walikofunga safari kwa makundi kufuata dawa ya maji, kabla vita havijalipuka upande wa Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905. Nilikaa na mzee mmoja chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, sogea huku kwenye kivuli." Kisha akazungumza dakika 47. Vita hakuviona kwa macho yake, alikuwa anasimulia aliyoyasikia kwa babu yake alipokuwa mtoto: nani alikwenda, walipita njia gani, nani hakurudi.

Nikarudi studio. Nikatoa sauti kwenye kinasa na kuiweka kwenye kompyuta, ndani ya folda niliyoiita Sauti. Kadi ya kinasa nikaifuta, maana kesho yake kulikuwa na safari nyingine. Halafu, ili niwe salama zaidi, nikalishika lile faili kwa kipanya, nikaliburuta hadi kwenye folda ya wingu, nikaachia. Nikaliona limekaa pale. Nikajisemea, moja liko kwenye Sauti, moja liko kwenye wingu. Nikaenda kunywa chai.

Wiki kadhaa baadaye wingu likanitumia ujumbe kuwa nafasi imejaa. Nikafungua folda ya wingu, nikafuta vitu vikubwa, na sauti ya mzee ikiwamo. Si ninayo nyingine kwenye Sauti? Nikasafisha na tupio la kompyuta ili nafasi ipatikane.

Siku niliyokaa kutengeneza kipindi nilifungua Sauti na faili halikuwamo. Siku ile nilipoliburuta, halikunakiliwa. Lilihama. Na kwa wakati huo yule mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Nitawaambia mwisho ilikuwaje. Kwanza tuelewe kilichotokea, maana kinawatokea watu wengi, na wengi hawajui kama kimewatokea.

Kopi unaijua tayari

Kila mtu aliyewahi kwenda steshenari kutoa kopi ya cheti anaelewa kunakili ni nini. Unaingia na karatasi moja, unatoka na mbili. Ile halisi inarudi mfukoni mwako. Ukimwaga chai kwenye kopi, halisi haidhuriki.

Kuhamisha ni kama gunia la mpunga unalolitoa dunguni na kulipeleka nyumbani. Gunia ni lile lile. Dunguni halipo tena. Likiungulia nyumbani, usirudi dunguni kulitafuta.

Kwenye kompyuta na kwenye simu mambo ni hayo hayo mawili. Tatizo ni kwamba gunia zito linakuambia kwa mgongo kuwa umelibeba, lakini faili halina uzito. Unaburuta, unaachia, unaliona mahali papya, na akili inajaza yaliyobaki.

Na wingu lenyewe si kitu cha angani. Ni kompyuta za kampuni fulani, ziko kwenye majengo mbali na hapa, na wewe umepewa kijisehemu humo ndani. Google inatoa GB 15 bure, OneDrive ya Microsoft inatoa GB 5, Dropbox GB 2. Ukiweka programu yao kwenye kompyuta, inakutengenezea folda maalumu. Chochote unachokiweka kwenye folda hiyo kinapandishwa kule. Chochote unachokifuta humo kinafutwa na kule. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: folda ile si stoo ya pili, ni kioo. Ukivua kofia mbele ya kioo, na yule wa kwenye kioo amevua.

Kwa nini kompyuta inaamua yenyewe

Kompyuta za Windows, ambazo ndizo nyingi kwenye ofisi zetu na steshenari zetu, zina kanuni ya miaka mingi. Ukiburuta faili kutoka sehemu moja kwenda nyingine ndani ya diski ile ile, linahama. Ukiliburuta kutoka diski moja kwenda diski nyingine, kwa mfano kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi, linanakiliwa. Kompyuta za Apple nazo zinafuata kanuni hiyo hiyo kwa sehemu kubwa.

Kanuni hii haikuwekwa kwa ukorofi. Ndani ya diski moja, kompyuta haibebi kitu chochote. Inafungua daftari lake, inafuta anwani ya zamani, inaandika anwani mpya. Ndiyo maana video ya harusi ya saa tatu inahama kufumba na kufumbua. Lakini kwenda diski nyingine ni lazima kila kitu kiandikwe upya, na njiani lolote laweza kutokea: umeme ukakatika, mtoto akachomoa flashi. Kwa hiyo kompyuta inaacha lile la mwanzo mahali pake, kwa usalama.

Sasa angalia folda za wingu zinakaa wapi. Folda ya OneDrive na ile ya Dropbox kwa kawaida zinawekwa ndani ya diski yako ile ile, pembeni ya folda zako nyingine. Kwako wewe, folda ile ni "kule kwenye wingu", mbali kabisa. Kwa kompyuta, ni chumba kingine cha nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiburuta faili kutoka Documents kwenda OneDrive, linahama. Documents inabaki tupu.

Programu ya Google Drive ya kompyuta yenyewe mara nyingi inajitokeza kama diski ya peke yake, kwa kawaida yenye herufi G. Ukiburuta kutoka diski C kwenda G, kompyuta inaona nyumba mbili tofauti, hivyo inanakili. Na ukiwa umefungua Google Drive kwenye kivinjari, Chrome kwa mfano, ukaburuta faili na kulidondosha kwenye ukurasa, hapo nako linapandishwa nakala na lile la kwako linabaki.

Kwa hiyo mkono ni ule ule na kipanya ni kile kile, lakini huku faili limehama na kule limenakiliwa. Mimi naona kampuni hizi zingeweza kabisa kumuuliza mtu swali moja rahisi kila anapoachia faili: nihamishe au ninakili? Baadhi ya programu zinatoa onyo, lakini kwa kawaida onyo lina kisanduku cha "usinionyeshe tena", na sisi tunakibonyeza haraka kwa sababu mteja anasubiri.

Jinsi ya kuamua wewe badala ya kompyuta

Kabla hujaachia kipanya, tazama chini ya mshale. Windows huandika kwa maandishi madogo: Move to, maana yake linahama, au Copy to, maana yake linanakiliwa. Kunakili huambatana na alama ya kujumlisha. Maneno hayo yalikuwapo pale siku yangu. Sikuyatazama.

Ukishikilia kitufe cha Ctrl huku unaburuta, faili litanakiliwa, diski iwe moja au mbili. Ukishikilia Shift, litahama. Achia kipanya kwanza, kitufe baadaye, la sivyo kompyuta inarudi kwenye uamuzi wake. Kwenye kompyuta ya Apple, kitufe cha kunakili ni Option.

Kama mkono wako hauzoei kubonyeza na kuburuta kwa pamoja, iko njia ninayoipenda zaidi. Buruta kwa kitufe cha kulia cha kipanya badala ya cha kushoto. Ukiachia, kompyuta itakufungulia orodha fupi na kukuuliza kama unataka kunakili hapa au kuhamisha hapa. Yaani lile swali nililosema wangeuliza, lipo, ila limefichwa upande wa kulia.

Na kama umezoea maneno ya kwenye menyu, Copy kisha Paste ni kutoa kopi, Cut kisha Paste ni kubeba gunia.

Hatari ya kutoa kitu kwenye folda ya wingu

Kuingiza kitu kwenye wingu ni nusu ya habari. Kukitoa kuna madhara makubwa zaidi, hasa folda inapokuwa ya watu wengi.

Chukulia chama cha msingi cha ushirika, msimu wa ufuta. Mwenyekiti, karani na mhasibu wanatumia folda moja ya wingu, na ndani yake lipo faili la wakulima: nani kaleta kilo ngapi, anadai kiasi gani. Karani anataka kulichapisha. Analiburuta kutoka folda ya pamoja hadi kwenye skrini ya mbele ya kompyuta yake, kisha anaondoka na kompyuta kwenda kwenye printa. Kwa kompyuta yake hiyo ni diski moja, kwa hiyo faili limehama. Limetoka kwenye folda ya pamoja. Dakika chache baadaye mhasibu anafungua simu yake na orodha haipo. Mwenyekiti naye haipo. Wakulima wako nje wanasubiri.

Hapo maneno huanza. Hesabu za ufuta na korosho si jambo dogo huku kwetu, na faili likipotea wakati wa malipo, mtu wa kwanza kushukiwa ni aliyeligusa mwisho. Karani wa watu hakuiba chochote. Aliburuta tu, akakusudia kunakili.

Kama uko kwenye kamati yoyote yenye folda ya pamoja, iwe ya ushirika, ya maji, ya maliasili ya kijiji au ya kikundi cha kuweka na kukopa, kubalianeni jambo moja: hakuna kuburuta kitu nje ya folda ile. Anayehitaji kuchapisha afungue faili humo humo na kuchapisha, au atoe kopi kwa Ctrl.

Ila kopi nazo zina kero yake. Nakala mbili za orodha zikishazaliwa, hazijuani. Ukirekebisha kilo za mkulima mmoja kwenye nakala ya mbele ya skrini, ile ya kwenye folda ya pamoja haibadiliki. Mwezi ukiisha mnakuwa na orodha mbili zinazobishana. Kwa kitu kinachobadilika kila siku, bora kiwe kimoja na wote wakifanyie kazi pale pale kilipo. Kwa kitu kisichobadilika tena, kama sauti ya mzee, picha ya hati au cheti cha kuzaliwa, kopi ziwe nyingi.

Steshenari, waya na simu yako

Wasikilizaji wengi hamna kompyuta nyumbani. Mnakutana na habari hii pale steshenari, kijana anapochomeka simu yako kwa waya na kusema, "Mama, nakuwekea kwenye Drive."

Kwa kawaida akiburuta picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, zinanakiliwa. Simu na kompyuta ni nyumba mbili, za kwako zinabaki kwenye simu. Hapo hakuna neno. Lakini akitumia Cut, kwa sababu ulimwambia simu imejaa, zinaondoka kwenye simu, na waya ukilegea katikati ya safari waweza kukuta nusu ziko huku na nusu ziko kule. Mwulize kabla hajaanza: "Mwanangu, unatoa kopi au unakata?" Atakujibu, na ataheshimu kuwa unajua.

Swali la pili ni muhimu zaidi: Drive ya nani? Kama ameweka kwenye folda ya wingu ya duka lake, basi kitambulisho chako cha NIDA na hati yako ya shamba sasa viko kwenye akaunti ya mtu mwingine. Siku akisafisha folda yake vinapotea, na asiposafisha vinabaki kwake miaka yote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nyaraka hizo ni taarifa zako binafsi. Una haki ya kumwomba afute mbele ya macho yako, na tupio nalo alisafishe, baada ya wewe kuhakikisha umepata za kwako. Hakuna haja ya kugombana naye. Mwombe tu.

Kwenye simu yenyewe

Simu nyingi za Android zina programu ya mafaili. Ukilishikilia faili kwa kidole, maneno yanatokea: Copy na Move, au kama simu umeiweka kwa Kiswahili, kunakili na kuhamisha. Hapa angalau unaulizwa. Ukituma faili kwenda Google Drive kwa njia ya Share, au ukifungua Drive yenyewe na kubonyeza alama ya kujumlisha kisha kupandisha, hiyo ni kopi. La kwenye simu linabaki.

Google Photos, ile programu ya picha iliyomo kwenye simu nyingi, ni jambo jingine, na hapa naomba usome taratibu. Ukiwasha hifadhi yake, kila picha inapandishwa kwenye wingu. Vizuri. Lakini ukiingia ndani ya Google Photos na kufuta picha, inafutwa kwenye simu na kwenye wingu kwa pamoja. Ni kile kioo tena. Mtu anaona simu imejaa, anajua picha ziko kwenye wingu, anafuta humo humo, na ndiyo amezitupa zote. Kama shida yako ni nafasi, programu hiyo ina kitufe cha kupunguza picha za kwenye simu peke yake, kwa Kiingereza kinaitwa Free up space. Hicho kinaondoa zile zilizokwisha kupanda tu, na za kwenye wingu hakizigusi. Baada ya hapo, elewa, umebakiwa na moja.

WhatsApp nayo ina tabia yake. Picha na sauti unazopokea zinakaa kwenye folda ya WhatsApp ndani ya simu. Ukizihamisha kutoka humo kwenda kwenye memori kadi, siku ukirudi kwenye mazungumzo na kugusa ile picha, utaambiwa faili halipo. Halijapotea, ila WhatsApp inalitafuta kwenye anwani ya zamani. Zinakili badala ya kuzihamisha. Na ukijitumia picha ya hati kwa WhatsApp ili uwe na nakala, itume kama hati na si kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa, na maandishi madogo ya mipaka ya shamba yanaweza yasisomeke.

Faili lipo lakini halifunguki

Huku kwetu liko jambo ambalo mtu wa mjini halimsumbui sana. Folda ya wingu kwenye kompyuta inaweza kukuonyesha faili ambalo halimo kabisa ndani ya kompyuta hiyo. Unaloliona ni jina tu, faili lenyewe liko kule mbali, na litashuka ukiligusa, kama mtandao upo. Kwenye OneDrive utaona pembeni ya jina alama ya wingu dogo. Alama ya vema ya kijani inamaanisha faili limo ndani ya kompyuta.

Uko Nyamisati unasubiri boti ya Mafia, unataka kumwonyesha mtu mkataba, mtandao unakuja na kuondoka. Jina lipo, mkataba hauji. Kabla hujatoka mahali penye mtandao mzuri, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia na uchague libaki kwenye kifaa hiki muda wote. Kwenye simu, Google Drive ina chaguo la kufanya faili lipatikane bila intaneti.

Na kinyume chake kipo. Umeburuta faili kwenye folda ya wingu, unaliona pale, unafunga kompyuta na kuondoka. Lakini kupandishwa kulikuwa hakujaisha. Dakika 47 za sauti zikiwa kwenye MP3 ya kawaida ni kama MB 45, na hizo zinapanda hata kwa bando la wasiwasi. Sauti hiyo hiyo ikiwa WAV, kama vinasa vyetu vya studio vinavyotoa, inakaribia MB 500. Hiyo inaweza kuchukua usiku mzima, na bando likaishia katikati. Mpaka alama ya mishale inayozunguka igeuke kuwa vema, kwenye wingu hakuna kitu bado. Usifute la mwanzo kabla ya hapo. Mimi siku hizi nafungua wingu kwa kifaa kingine kabisa, simu kwa mfano, nabonyeza faili, nasikiliza dakika ya mwisho. Likisikika mpaka mwisho, ndipo naamini.

Tupio lina siku zake

Sasa nirudi kwa mzee wa Ngarambe. Mwenzangu mmoja studio aliniuliza kama nimetazama tupio la kule kwenye wingu, lile la ndani ya tovuti, maana la kwenye kompyuta nilikuwa nimeshalisafisha. Sikujua kama ni mawili. Nikaingia kwa kivinjari, nikafungua tupio, na faili lilikuwamo. Ilikuwa siku ya 26 tangu nilifute. Kwa huduma ile kitu kilichofutwa hukaa siku 30, kisha kinaondoka moja kwa moja. Nikabonyeza kurejesha, na mikono ilikuwa inatetemeka.

Kwa hiyo kama na wewe umefuta kitu, nenda leo. Google Drive hushikilia vilivyofutwa siku 30. OneDrive ya mtu binafsi siku 30. Dropbox ya bure siku 30. Google Photos hushikilia siku 60 kama picha ilikuwa imeshapanda kwenye wingu, na 30 kama ilikuwa haijapanda. Fungua programu yenyewe au tovuti yake, usiishie kwenye tupio la kompyuta. Na jambo jingine: akaunti ya Google isiyotumiwa kabisa kwa miaka 2 inaweza kufutwa na Google pamoja na vyote vilivyomo. Kama ulifunguliwa akaunti steshenari ukasahau hata nywila, vilivyomo humo havina ulinzi wa kudumu.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwakuta ndugu zetu wengi wa Rufiji na Kibiti, Muhoro ikiwamo, wakiwa na makaratasi yao kwenye masanduku. Maji hayachagui cheti wala picha ya arusi ya mama. Kwa hiyo sisemi wingu ni baya. Mtu aliyekuwa na kopi nje ya nyumba aliponea hapo. Nasema tu uhakikishe kwamba ni kopi.

Na historia ya Ngarambe yenyewe inaonyesha kopi inavyosaidia. Mwaka 1968 walimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kusini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado wanavikumbuka vita vya Maji Maji. Gilbert Gwassa na John Iliffe nao walichapisha kitabu kidogo cha kumbukumbu za vita hivyo. Wazee wale wameondoka wote. Maneno yao yapo, kwa sababu yalitoka kwenye vinywa yakaenda kwenye karatasi, na karatasi ikachapishwa nyingi.

Sauti ya babu yangu wa chini ya mwembe sasa ipo kwenye kompyuta ya studio, ipo kwenye wingu, ipo kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini. Ya nne niliinakili kwenye memori kadi, nikaipeleka Ngarambe kwa binti yake. Aliichomeka kwenye redio ndogo ya jua tukiwa tumekaa pale pale, akaisikiliza yote, kisha akaniuliza, "Kaka, na kwako imebaki?"

Nikamwambia imebaki.